Tuta lenye baraza: bustani ya mzee asiyetaka kuinama

Kabla hujaagiza mawe, mkalishe mwenye bustani kwenye kiti chake alichokizoea, umpime kwa tepu. Kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kutoka kwapani hadi ncha za vidole, mkono ukiwa umenyooshwa bila kujikaza. Kisha asimame, upime kutoka chini hadi kwenye kifundo cha mkono unaoning'inia. Andika vipimo hivyo vitatu ukutani kwa penseli, fundi asije akavipoteza.

Mimi ni mwashi, kazi zangu nyingi ziko Kisauni na Likoni, Mombasa, na matuta mengi ya mboga ninayoyakuta majumbani yamejengwa kwa kipimo cha jiwe, si cha mtu. Kozi tatu, yaani safu tatu za mawe, kwa kuwa mawe yalitosha kozi tatu. Upana futi tano kwa kuwa uwanja ulikuwepo. Mwenyewe hafiki katikati, mchicha wa huko unazaa mbegu, na mwisho kuku wanalifanya tuta makazi.

Kipimo cha goti ndicho kinachotoa kimo cha ukuta. Mzee wa Mombasa hahitaji kufundishwa kukaa barazani, kwa hiyo mjengee tuta ambalo kingo zake ni baraza: anakaa juu ya ukuta wenyewe, mboga ziko ubavuni pake. Mawe yetu ya matumbawe, yale ya kukatwa timboni, kwenye machimbo ya mawe, ya inchi tisa kwa tisa, yanafaa sana hapa. Unene wa inchi 9 unatosha kukalia, na kozi mbili pamoja na simiti ya katikati zinatoa kama inchi 19, yaani karibu sentimita 48. Hapo mtu mrefu kiasi anakaa na nyayo zimekanyaga chini sawasawa.

Shangazi yangu ni mfupi. Kwake inchi 19 zilimwacha akining'iniza miguu, na mtu anayening'inia hashuki salama. Sikuhangaika kuchonga jiwe, nilipandisha njia ya kando ya tuta. Kokoto na vumbi la timboni, ukashindilia vizuri, zinakupa inchi mbili tatu bila gharama kubwa.

Upana unatoka kwenye mkono. Ikiwa tuta linafikiwa upande mmoja tu, lisizidi futi mbili za ndani. Ikiwa linafikiwa pande zote mbili, vitabu vingi hutaja futi nne, lakini hizo ni za kijana. Kwa mzee ninajenga futi tatu. Shangazi aliliweka wazi: "Mwanangu, ukinijengea futi nne, cha katikati utakuja kuvuna wewe." Urefu wa tuta hauna sheria, ila ukipita futi kumi acha upenyo, la sivyo mtu ataruka ukingo ili asizunguke, na wazee huruka zaidi ya tunavyodhani.

Usiliegemeze tuta kwenye ukuta wa nyumba. Mawe ya matumbawe yanakunywa maji. Udongo wenye unyevu ukikaa nyuma yake mwaka mzima, plasta ya ndani ya chumba itaanza kubanduka. Acha nafasi ya futi tatu, ambayo pia ndiyo njia ya kupitia. Kama nyumbani kuna kiti cha magurudumu, futi tatu ndicho kiwango cha chini cha njia, na mahali pa kugeuzia panataka futi tano kwa tano.

Msingi si mkubwa. Chimba inchi sita, jaza vipande vya mawe, mwaga zege jembamba, panga kozi kwa kamba na pimamaji. Simiti moja kwa mchanga wa nne. Mchanga wa ufuoni usiutumie hata ukipewa bure, kwa sababu chumvi yake itatokeza kwenye kuta na kuingia kwenye udongo. Katika kozi ya kwanza, kila baada ya futi tatu, pitisha kipande cha bomba la nusu inchi ili maji ya masika yapate pa kutokea, na kwa ndani kifunike kwa wavu wa dirishani udongo usizibe.

Sasa ukingo, na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu wanaotaka kumaliza saa nane. Juu piga plasta laini, kona zote uzizungushe. Ngozi ya mtu wa miaka 75 inachanika kwa kona ambayo wewe hata huisikii. Kisha paka chokaa nyeupe: haishiki joto sana wakati wa kaskazi, na macho yaliyopungua nuru yanauona ukingo hata magharibi ikikaribia. Njia nayo usiisugue ing'ae. Ikiwa bado mbichi ipitishe ufagio iwe na mistari, maana simiti laini ikilowa inateleza. Ngazi hapana, hata moja. Karibu na mahali pa kuinukia simamisha nguzo ya mvinje iliyobanduliwa magome, ifike kiunoni, ichimbiwe futi mbili chini. Mtu ataishika, ataamka, bila kuita mtu.

Kujaza tuta lote kwa udongo ni kupoteza pesa. Chini weka vipande vya matumbawe inchi nne, juu yake makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku kadhaa na maji yake kumwagwa. Makumbi hushika maji, na tuta la juu hukauka upesi kuliko shamba la chini, hasa Januari na Februari. Inchi kumi na mbili za juu ndizo za mimea: karai tatu za udongo mwekundu, mbili za samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyokwisha poa, moja ya mchanga wa mto. Mchicha na dania zingetosheka na pungufu ya hapo. Bamia na biringanya hazitosheki. Matumbawe ni mawe ya chokaa, kwa hiyo ukiona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mmea unakosa chuma. Ongeza mboji, na usimwage majivu ya jikoni humo.

Maji ya kisima ndiyo shida ya Mombasa, mengi yana chumvi. Onja. Ukiisikia chumvi ulimini, maharagwe na vitunguu vitaisikia zaidi. Spinachi na kunde huvumilia. Maji ya mtungi au ya mvua yawekee miche, na udongo ukianza kutoa weupe juu, mimina maji matamu mengi kwa mara moja mpaka yatokee kwenye yale mabomba ya chini. Funika udongo kwa nyasi kavu au makuti yaliyochakaa. Mzee asibebe mtungi wa lita 20. Mpe wa lita 5, ujazwe nusu.

Baraza halimfai kila mtu. Kukaa ubavu na kujipinda kunamuumiza mwenye mgongo, na aliye kwenye kiti cha magurudumu anahitaji kuingiza magoti. Huyo mtengenezee hori: pipa la plastiki la lita 200 lipasuliwe kwa urefu, upate nusu mbili zenye kina cha karibu futi moja katikati. Uliza kwanza lilibeba nini. La mafuta ya kupikia sawa, la dawa za viwandani liache hukohuko. Fundi wa kuchomelea atakuundia miguu ya chuma, chini ya hori pabaki inchi 27 za magoti. Nusu pipa lenye udongo uliolowa linapita kilo 150, kwa hiyo miguu isiwe ya bomba la pazia. Paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, hewa ya bahari haina huruma. Toboa matundu upande wa mbali na mkaaji, asirudi ndani na mapaja yamelowa. Anayependa kulima kwa kusimama, udongo ufike usawa wa kile kipimo cha tatu, cha kifundo.

Mpini wa kijembe uzungushie mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unenepe. Vidole vyenye baridi yabisi hushika kinene kwa urahisi kuliko chembamba. Mwiko mdogo wa mwashi unafaa kupandia kuliko vile vya dukani.

Mrehani upandwe pale anapokalia, kwa sababu ndio utakaochumwa kila Alhamisi. Asumini usiingize ndani ya tuta, mizizi yake itatawala. Ipe ndoo yake. Makumbi yakioza udongo utashuka inchi kadhaa, kwa hiyo mwezi wa tisa, kabla ya vuli, jazia samadi na udongo. Karai lijazwe nusu, na libebwe na wajukuu.