Siku ya makumbusho na misosi Dar: mambo ya kuzingatia kabla hujatoka

Ukitaka kuzunguka makumbusho ya Dar es Salaam na kula vizuri siku hiyohiyo, usianze kwa kuandika orodha ya vya kuona. Anza kwa kufikiria jua, kisha tumbo. Makumbusho yenyewe hayana haraka, ila mchana wa Dar na njaa ya watoto havingoji mtu.

Kabla ya yote, uwe na uhakika unakwenda wapi. Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni yapo Posta, katikati ya jiji, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Kijiji cha Makumbusho kiko mbali na hapo, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo. Ukimwambia konda "nishushe Makumbusho" bila kufafanua, atakushusha stendi ya Makumbusho, ya upande wa Kijitonyama, na hatakuwa na kosa. Kama ulichofuata ni Zinjanthropus, lile fuvu la kale la kiumbe wa jamii ya binadamu, hapo umeshapotea. Sema Posta.

Ukitaka yote mawili kwa siku moja, anza na Kijiji asubuhi mapema. Kule unatembea nje, kutoka nyumba ya asili ya kabila moja hadi ya jingine: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo na nyingine nyingi. Ikifika saa sita jua limekolea na watoto wanaanza kuuliza soda. Chukua kofia na maji ya kutosha. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, ongeza mwamvuli na viatu visivyoogopa tope. Kama lengo lako ni ngoma, piga simu kwanza uulize, maana hazichezwi kila saa.

Saa za jua kali zihamishie Posta, ndani ya jengo. Hapo usikimbie. Fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959 Olduvai, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Ukiwa na watoto, waambie waangalie magego: ni makubwa kupita kiasi, na taya linaonyesha kiumbe aliyetafuna vitu vigumu kutwa. Nimeona watoto wakikaa hapo muda mrefu kuliko kwenye magari ya zamani ya viongozi, na hilo si jambo dogo. Kuna pia kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la bomu la Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, kwa hiyo fikiria mapema utawaeleza nini wadogo.

Beba kitambulisho, kwani kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni, na mwanafunzi abebe cha shule au chuo. Pesa beba za aina mbili: salio kwenye simu kwa wenye lipa namba, na noti ndogondogo kwa wasio nayo. Kutoa noti ya elfu kumi kwa muuza madafu ni kumtafutia kazi ya kukimbia kutafuta chenji.

Sasa chakula. Asubuhi kunywa chai na chapati, basi. Tumbo liache na nafasi. Mchana nenda soko la samaki la Feri, si mbali na makumbusho ya Posta. Unamchagua samaki wako, unampeleka kwa wakaangaji. Angalia macho yawe angavu na matamvua mekundu, na uulize gharama ya kukaanga kabla mafuta hayajachemka, kwa sababu hiyo ni bei nyingine kabisa. Sakafu ina maji ya samaki, kwa hiyo kandambili nzuri ziache nyumbani, na nguo utakayovaa ijue itanuka.

Asiyependa purukushani za Feri aende Kisutu akatafute biriani. Hapo angalia kalenda. Ijumaa mchana sehemu nyingi husimama kwa swala, na mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya eneo hilo haipiki mchana. Jumapili Posta hutulia sana. Barabara zinapitika kwa raha, lakini mama ntilie wanaotegemea wafanyakazi wa ofisini nao hupumzika, ukajikuta unazunguka na njaa.

Mishkaki subiri jioni, moto ukishawashwa kando ya mitaa ya Kisutu na Upanga. Ila kama unaishi Mbagala au Tegeta na umekuja na wadogo, kaa ukijua foleni ya saa kumi na moja. Ama uondoke kabla yake, ama ule mishkaki taratibu hadi ipungue. Kuondoka katikati ndiko kunakoumiza.