Mafuta, Jua na Samadi: Andika Nishati Kwenye Daftari la Shamba

Mkulima mmoja wa nyanya kando ya Mto Malaba, hapa mashariki mwa Uganda, alinifungulia daftari lake msimu uliopita. Kila kitu kimo: mbegu, dawa ya ukungu, vijiti vya kusimamishia mimea, hata soda za vibarua. Petroli ya pampu haimo. Nilipomuuliza akajibu, "Hiyo nanunua kidogo kidogo, ofisa. Kidumu leo, kidumu kesho."

Tukakaa chini ya mwembe tukapiga hesabu. Pampu yake inakunywa lita moja hivi kwa saa. Anamwagilia saa nne kila mara, mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi za kiangazi. Hizo ni lita 120. Ukikadiria lita moja kwa shilingi 5,000, ni shilingi 600,000, zaidi ya mbegu na dawa zote alizoandika. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba kalamu.

Nishati ni pembejeo kama mbegu na mbolea, na huwezi kuchagua kati ya mafuta na jua kama hujui unatumia kiasi gani. Nishati jadidifu ni ile inayojirudisha: jua, maji yaendayo, upepo, samadi. Isiyo jadidifu ni petroli, dizeli na gesi ya mitungi, ikishachomwa imekwenda. Hata mafuta ya ardhini ya Bonde la Albert, magharibi mwa nchi yetu, yaliyothibitishwa mwaka 2006, yatakuwa na mwisho wake.

Mafuta yana sifa zake nami sitazificha. Pampu ya petroli ni rahisi kununua, unaibeba kwa bodaboda, na inafanya kazi saa yoyote, liwe jua au wingu. Tatizo ni kwamba bei yake haiko mikononi mwako. Sisi wa Busia na Malaba, mpakani na Kenya, tunaona kwa macho yetu foleni za malori yanayoleta mafuta kutoka Mombasa. Januari 2022 madereva waligoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya Korona, mafuta yakaadimika nchini na bei ikaruka. Nyanya haijui mgomo. Ikikosa maji wakati wa maua, maua yanapukutika.

Pampu ya sola ni kinyume chake. Siku ya kununua inauma, maana inahitaji mamilioni, lakini baada ya hapo jua halikudai kitu. Kupitia Wizara ya Kilimo upo mpango wa umwagiliaji mdogo ambapo mkulima huchangia sehemu ya gharama na serikali huongeza iliyobaki, kwa shamba lisilozidi ekari 2.5. Ulizia wilayani kama mpango huo bado upo na umefika kwenu. Kabla ya kulipa chochote, pima kisima chako mwisho wa kiangazi, si wakati wa masika. Nimeona pampu nzuri ikinyonya tope kwa sababu kisima kilipimwa mwezi wa Mei.

Usinunue betri kwa ajili ya kumwagilia. Pandisha maji mchana kwenye tangi lililoinuliwa, na hilo tangi ndilo betri yako. Jua letu la ikweta hupita karibu na utosi, nusu ya mwaka kaskazini kidogo na nusu kusini, kwa hiyo usihangaike sana na upande. Inamisha paneli nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iteremke na vumbi. Zifute asubuhi kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa laini na maji matupu. Na ukate migomba iliyo karibu: seli za paneli zimeungana kama watu wanaopokezana ndoo, mmoja akizubaa mstari wote unasimama, hivyo kivuli cha jani moja hula nguvu nyingi. Wezi nao wapo. Funga paneli mahali mnapolala watu, hata kama waya utakuwa mrefu kidogo.

Lakini kama una ng'ombe watatu wa kufungia bandani, mimi ningekuambia uanze na biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi, kabla ya sola. Jikoni ndiko kaya nyingi za Uganda zinakotumia nishati zaidi, na ndiko akina mama wanakovuta moshi kila siku.

Mama mmoja mfugaji, nje kidogo ya mji wa Tororo, ana mtambo wa mita za ujazo 6. Kila asubuhi anamimina ndoo mbili za samadi na ndoo mbili za maji, anakoroga kwa mkono, anatoa majani na vijiwe. Siku niliyopita alikuwa amekata tamaa. Moto unacheza, unawaka na kuzimika. "Mtambo umekufa, mwanangu." Tukafuata bomba mpaka sehemu ya chini kabisa, tukafungua koki, yakatoka maji kama kikombe kimoja. Gesi hutoka na mvuke, mvuke unapoa ndani ya bomba, maji yanaziba njia. Tulipowasha tena, moto ulisimama wa buluu. Hakuna aliyewahi kumwambia ile koki ni ya nini, na hilo linanisikitisha, maana mitambo mingi huachwa kwa kasoro ndogo kama hii.

Kama unasikia harufu ya mayai viza, gesi inavuja. Fungua milango, kisha paka povu la sabuni kwenye viungo utafute mapovu. Usitafute kwa kiberiti kamwe. Maji ya sabuni au dawa ya kuogeshea ng'ombe yasiingie mtamboni, yanaua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Tope linalotoka ni mbolea nzuri kuliko samadi mbichi, ila usiliache juani, nitrojeni inapaa. Lichimbie mfereji kuzunguka migomba ulifukie. Kasoro zake? Kujenga ni gharama, maji yanatakiwa kila siku, na ng'ombe wakilala porini samadi inabaki huko huko.

Kuni na mkaa huhesabiwa kuwa jadidifu. Ni kweli ukipanda zaidi ya unavyokata. Tanuru la udongo hula kilo 100 za kuni kavu likakupa mkaa wa kilo 10 hadi 15 tu. Huko kaskazini walichoma hata mishea, mti unaokaa miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa, mpaka Mei 2023 Rais Museveni alipopiga marufuku biashara ya mkaa huko. Panda mti wa kaliandra mpakani mwa shamba: majani kwa ng'ombe, fito kwa jiko, na kisiki kinachipua tena. Mikalitusi iweke mbali na chemchemi.

Umeme wa gridi tunao. Bwawa la umeme la Nalubaale, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na lile la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024. Ila nyaya nyingi zinapita juu ya mashamba bila kushuka, na ukame wa 2005 na 2006 ulituonyesha kwamba Ziwa Victoria likipungua, taa zinazimika. Kama nguzo iko karibu, itumie kwa mashine ya posho, ya kusagia unga.

Yule wa nyanya alinunua pampu ya sola kwa kikundi na wenzake wawili. Nilimsihi asiuze ile ya petroli, kwani wiki ya mawingu mazito itakuja. Iwashe dakika chache kila baada ya wiki mbili, nje ya stoo, maana moshi wake ndani ya chumba huua. Ukiihifadhi kwa msimu mzima, maliza petroli yote kwenye kabureta, pale inapochanganyika na hewa. Ikilala humo huganda kama gundi, na siku ya shida mashine haitawaka.