Sintesaiza ya kwanza ndani ya laptopu: mwongozo kwa anayetengenezea muziki chumbani

Anayerekodi muziki katika chumba cha kupanga hapa Arusha anajua kwamba masika yanapoingia, kati ya Machi na Mei, mvua ikishaanza kupiga bati maikrofoni huwa haina kazi tena, hata kama kuta zote zimefunikwa magodoro. Sintesaiza ya programu haisikii mvua. Sauti yake hukokotolewa na kompyuta kutokana na namba na kuingia moja kwa moja kwenye rekodi bila kupita hewani, na kwa sababu hiyo mimi humshauri kila anayeanza aijue sintesaiza moja vizuri kabla ya kuwaza kununua maikrofoni.

Plagini ni programu ndogo inayofunguliwa ndani ya programu kubwa ya kurekodi na kupanga muziki. Mfumo wa plagini ulioenea zaidi, VST, ulitolewa na kampuni ya Steinberg mwaka 1996, na mwaka 1999 ukaongezewa uwezo wa kubeba ala zenyewe badala ya madoido ya sauti peke yake. Kwa programu kubwa, Reaper huenda vizuri hata kwenye laptopu dhaifu na huruhusu majaribio ya siku 60, na Waveform Free ya Tracktion haina malipo. Kwa sintesaiza, napendekeza Surge XT, ambayo ilianza kama bidhaa ya kuuzwa, msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka 2018, na leo mtu yeyote anaipata bure. Vital nayo ni nzuri sana, ila michoro yake inayochezacheza huilemea kompyuta ya zamani.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na sintesaiza badala ya maktaba za sauti zilizorekodiwa. Maktaba ya piano inaweza kuwa na gigabaiti nyingi, na kuipakua ni kumaliza bando la mwezi, wakati sintesaiza haibebi rekodi nyingi kwa kuwa inaitengeneza sauti papo hapo. Usikubali kuwekewa plagini za wizi kutoka kwenye flashi ya rafiki. Mimi niliwahi kuzikubali, nikapata sintesaiza arobaini ambazo sikuijua hata moja, pamoja na kirusi kilichonilazimisha kuifuta laptopu nzima.

Ukishasakinisha, ifungue programu kubwa, iambie itafute plagini mpya, kisha uweke Surge XT kwenye traki, yaani mstari mmoja wa wimbo. Huhitaji kinanda siku ya kwanza, kwani herufi za kompyuta hutosha kucheza nota. Lakini ukiwa na kinanda cha kwaya chenye tundu la USB, jaribu kukiunganisha kwa waya, maana vingi hutuma taarifa za MIDI, yaani maelezo ya nota zilizobonyezwa, si sauti yenyewe.

Ukibonyeza na sauti ikachelewa, usiilaumu plagini. Kompyuta hukusanya sampuli za sauti, yaani namba zinazoieleza sauti kidogo kidogo, katika mafungu kabla ya kuzipeleka kwenye spika, na kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 256 huchukua takriban milisekunde 6, ambazo vidole havizihisi, wakati fungu la 1,024 huchukua takriban milisekunde 23, na hapo mpigaji huanza kuvutana na mdundo. Kwenye Windows, dereva ya bure iitwayo ASIO4ALL, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa cha sauti, husaidia kupunguza ucheleweshaji huo. Unapocheza tumia fungu dogo. Unapochanganya sauti, rudisha kubwa ili kichakataji kipumue.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Usifungue orodha ya sauti zilizotengenezwa tayari, ambazo ni nyingi na zitakumeza jioni nzima. Chagua sauti ya mwanzo iitwayo Init Saw, yaani wimbi la msumeno lisiloongezwa kitu. Litasikika kali kama nyuki ndani ya debe, na ukali huo ndio mali yako, kwa sababu wimbi la msumeno lina harmoniki zote, yaani sauti za ziada zilizo juu ya nota ya msingi: ukipiga nota ya hezi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), ndani yake zimo pia 110, 165, 220 na kuendelea, kila moja ikiwa hafifu kuliko iliyotangulia. Kazi ya kichujio ni kuzipunguza. Chagua kichujio cha LP 24 dB, kinachopitisha sauti za chini na kuzuia za juu, kishushe taratibu huku umeshikilia nota, na usikie jinsi sauti inavyofunikwa kama muziki wa nyumba ya jirani uliozuiwa na ukuta.

Baada ya hapo nenda kwenye Amp EG, sehemu inayopanga jinsi sauti inavyopanda na kushuka, penye herufi A, D, S na R. A ni muda wa sauti kupanda, D ni muda wa kushuka, S ni kiwango inachodumu nacho wakati nota imeshikiliwa, na R ni muda wa kufifia baada ya kuachia. Weka A na S kwenye sifuri na D karibu milisekunde 300, na wimbi lilelile litadonoka kama uzi wa gitaa. Kisha weka A karibu sekunde moja, S juu, na R sekunde mbili, na utapata sauti ya kujaa polepole inayofaa kulala chini ya waimbaji wa kwaya. Wimbi halijabadilika, kilichobadilika ni umbo lake katika muda, na mtu aliyelielewa hilo anaweza kubomoa sauti nyingi anazozisikia redioni na kujua zimejengwaje.

Besi inahitaji uangalifu wa pekee. Wasikilizaji wengi watausikia wimbo wako kwenye simu, ambayo spika yake haiwezi kutoa hezi 55, na besi ya wimbi la saini (sine, wimbi laini kuliko yote) peke yake itapotea yote, kwa kuwa wimbi hilo halina harmoniki za kuiwakilisha. Kwa hiyo washa osileta ya pili, yaani chanzo cha pili cha wimbi, kwa kuondoa alama ya M (ya kunyamazisha) kwenye mikisa, sehemu ya kuchanganyia sauti, uifanye ya saini iwe msingi, na ile ya msumeno uichuje na kuiweka juu yake kwa sauti ndogo.

Traki zikiongezeka na kompyuta ikaanza kukwaruza, gandisha zilizokamilika, yaani zigeuze kuwa rekodi ya kawaida ili plagini ipumzike. Hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, hasa kama betri ya laptopu yako imechoka, kwa sababu umeme haukatiki kwa taarifa.

Mwisho, toa wimbo, uusikilize kwanza kwenye simu, kisha umwombe dereva wa kifodi unayemfahamu auweke kwenye spika zake kabla hajatoka stendi. Besi ikipotea kwenye simu, ongeza msumeno. Ikitikisa vioo vya gari hadi maneno yasisikike, punguza saini.