Loji ndani ya hifadhi: karatasi za kutayarisha kabla mashine hazijafika

Nina ofisi ndogo ya kuandikia watu barua Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo: kompyuta, mashine ya fotokopi, na jenereta ya siku ambazo umeme umeenda. Wateja wangu kutoka vijijini huja kwa mambo ya mashamba, urithi na mishahara. Siku hizi wanakuja na jambo jingine: mwekezaji anataka kujenga loji ya watalii kando ya mto, ndani ya mipaka ya hifadhi, na wenyeji hawataki. Jina la hifadhi silitaji, dosie, yaani jalada la kesi, bado iko mezani. Lakini njia ni ileile, iwe Kundelungu, Upemba au kwingineko.

"Mama, utuandikie barua kali," ndivyo wanavyoanza.

Nami huwajibu: Papa, barua kali inaishia kwa sekretari. Tuandike yenye tarehe, namba na ombi moja.

Kabla ya kupinga chochote, ulizeni mwekezaji ana karatasi gani. Nimeona watu wakibishana miezi kama loji ni nzuri au mbaya, na hakuna aliyeuliza kibali. Milango ni mitatu. Wa kwanza ni ICCN, wasimamizi wa hifadhi za taifa. Wa pili ni ofisi ya ardhi na kadasta (wapima viwanja), maana kwa sheria ya 1973 udongo wote ni mali ya Serikali na mtu hupewa konsesio tu, yaani haki ya kuutumia. Wa tatu ni mazingira: sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai utafiti wa athari ufanywe kabla kazi haijaanza, na inawapa wananchi haki ya kupata habari na ya kusikilizwa. Utafiti huo unachunguzwa na ACE, wakala wa Serikali wa mazingira, makao yake Kinshasa. Kwa jimbo, pitieni pia ofisi ya uratibu wa mazingira. Kila mlango barua yake fupi, swali lilelile: nani ameruhusu, kwa karatasi gani, ya tarehe gani? Wakisema ipo, ombeni nakala. Kwenye ardhi msilale, kwa sababu sertifika ya ardhi ikishapita miaka miwili tangu itolewe, kuipinga mahakamani ni kazi ngumu sana.

Halafu mahali. Hifadhi zetu za Katanga zina sehemu iliyofungwa kabisa na sehemu ya pembeni, ile inayoitwa "annexe," ambako vijiji vipo na watu wanalima. Loji ya pembeni na loji ya ndani ni kesi mbili tofauti, msizichanganye kwenye barua moja. Mipaka imeandikwa katika maandishi ya kuanzisha hifadhi, ya 1939 kwa Upemba na ya 1970 kwa Kundelungu, na mara nyingi inafuata mito na vilima. Hapo wazee wanawashinda vijana wenye simu: wao wanajua kijito gani kinaitwaje na kinaanzia wapi. Mtembee pamoja, mzee ataje jina, kijana achukue pointi za GPS na foto. Pigeni foto ya nguzo za kupimia, za alama ya rangi kwenye miti, za njia mpya ya tingatinga, na ya mahali mnapochota maji.

Sasa petisyo, yaani ombi la wananchi lenye saini, na hapa nitakaa kidogo maana ndiyo kazi yangu. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka, peke yake au na wenzake. Mamlaka inatakiwa ijibu katika miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu ya kuipeleka. Itajeni ibara hiyo mstari wa kwanza. Karani akiiona anaishika karatasi kwa mkono mwingine. Ukurasa mmoja unatosha. Aya ya kwanza: sisi ni nani, wa kijiji gani. Ya pili: tumeona nini, wapi, lini. Ya tatu: tunaomba nini. Matusi hapana, hata yale mwekezaji anayostahili. Chini yake majina, namba za kadi ya mpiga kura, saini. Asiyejua kuandika aweke dole gumba na mtu amshuhudie. Majina ya watoto na ya marehemu msiongeze, jina moja la uongo linatosha kuwaharibia yote.

Mkipeleka, bebeni nakala mbili kwa kila ofisi. Moja inabaki, nyingine inarudi na muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Mtaambiwa, "Acheni tu, mrudi kesho." Msiache. Kaeni kwenye benchi, mnunue karanga, mngoje muhuri. Bila huo muhuri ile miezi mitatu haina siku ya kuanza kuhesabiwa.

Mkutano ukiitishwa, nendeni, lakini mchunge orodha ya mahudhurio. Inapita mkono kwa mkono wakati soda zinagawiwa, kila mtu anaweka saini, na baadaye orodha ileile inatokea nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba kijiji kimekubali. Mtu wa kwanza kushika karatasi aandike juu kabisa: "Waliohudhuria, si waliokubali," kisha aipige foto. Nanyi muwe na mwandishi wenu. Sefu wa kijiji msimwaibishe hadharani hata kama mmesikia amepewa kitu. Mwombeni asaini maandishi ya mkutano pamoja nanyi, uzito wa saini yake mtauhitaji.

Mseme nini? Wengi wanaanza na wanyama. Mimi naanza na barabara. Msitu wa miombo kuzunguka Lubumbashi tumeumaliza kwa makala, yaani mkaa, kila mtu anaziona baiskeli zilizobeba magunia asubuhi. Barabara ya watalii inapitwa usiku na malori ya makala, na hakuna loji itakayoweka mlinzi kila kona. Kisha maji: choo na bwawa la kuogelea la watalii vitatoa uchafu wapi, na nani yuko chini ya mto? Kisha vinkubala, wale viwavi wa kula, na uyoga, ambavyo kina mama wanauza hadi karo ya shule inalipwa. Hayo yana bei, yaandikeni na bei ya sokoni.

Pia msiseme hamtaki utalii, kama si kweli. Pendekezeni kiwanja nje ya sehemu iliyofungwa. Kule Kilimanjaro, Serikali ya Tanzania ilipotangaza mpango wa kebo ya kupandisha watalii mwaka 2019, wapagazi na waongozaji walikuwa mstari wa mbele kuupinga, na hao ndio wanaokula kwa utalii. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa ni adui wa maendeleo. Mtafuteni wenu.

Kuandamana ni haki, ibara ya 26, ila mamlaka ijulishwe kwa maandishi kwanza, tena kwa nakala yenye muhuri. Kung'oa nguzo usiku kunampa mwekezaji kesi aliyokuwa hana.

Ikishindikana hapa, kuna Arusha. Mahakama ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoamua mwaka 2014 dhidi ya barabara ya lami kukata kaskazini mwa Serengeti, kwa kesi ya shirika la kutetea wanyama. Kongo imeingia Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo mlango ule ni wetu pia. Unashtaki Serikali, si kampuni, na muda ni miezi miwili tangu uamuzi utoke au tangu mlipoujua. Mpeni avoka, wakili wenu, dosie mapema, asiipokee siku ya mwisho. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wana njia ya ziada: Kahuzi-Biega na Virunga ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, wanaweza kuiandikia makao yake Paris moja kwa moja. Upemba na Kundelungu hazimo.

Nakala za kila kitu ziwe sehemu tatu: kijijini, parokiani au kanisani, na kwa mtu wa mjini asiyehusika. Kwangu, mkija, leteni kadi zote kwa mara moja na karatasi ya majina iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kusoma mwandiko ndiko kunakula muda, na fotokopi nazitoza hata kwa ndugu.