SOMO: Kura za wabunge Minnesota, Marekani, kwa tuliopata uraia juzi

Tuanze na neno linalotuvuruga: jimbo. Ukitoka Tanzania, jimbo ni la mbunge, kama Ubungo au Kisarawe. Hapa jimbo ni Minnesota nzima. Kile tulichozoea kuita jimbo (Wakenya wanasema eneo bunge) hapa nitakiita distrikti, tusibishane.

Hatua ya 1: zijue distrikti zako. Ni tatu, si moja. Ya kwanza ni ya Kongresi (bunge la taifa), ya kumpeleka mtu Washington. Ziko 8, na kila moja ilichorwa iwe na watu kama 713,000 kwa sensa ya 2020. Ya pili ni ya Seneti ya jimbo, ziko 67. Ya tatu ni ya Baraza la Wawakilishi la jimbo: kila moja ya hizo 67 imekatwa vipande viwili, A na B, ndiyo maana St. Paul, makao makuu ya jimbo, kuna wawakilishi 134. Herufi hiyo usiidharau. Jirani wa ng'ambo ya barabara anaweza kuwa B na wewe A, mkapewa karatasi tofauti za kura. Ingiza anwani yako kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo uone kituo chako na karatasi ya mfano.

Hatua ya 2: wagombea. Ada ya fomu ya bunge la jimbo ni dola 100, ya Kongresi dola 300. Ndiyo hiyo tu! Chama kinaweza kumuidhinisha mmoja kwenye mkutano wake, lakini aliyekosa baraka hizo bado ana ruhusa ya kupambana naye kwenye mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama.

Hatua ya 3: mchujo wa Agosti. Hapa ndipo tunapolala. Distrikti nyingi zina chama kimoja kinachotamba, kwa hiyo Novemba inakuwa kama kuthibitisha tu. Ilhan Omar alipata kiti cha 60B mwaka 2016 kwa kumwangusha kwenye mchujo Phyllis Kahn, aliyekuwa bungeni tangu 1973. Miaka miwili baadaye akaenda Kongresi kwa distrikti ya 5. Mwaka 2026 mchujo ni Agosti 11.

Hatua ya 4: Novemba. Mwaka 2024, Huldah Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichukua 38A. Mwaka huohuo 54A iliamuliwa kwa kura 14, na Baraza la Wawakilishi la jimbo likagawanyika viti 67 kwa 67 kati ya vyama viwili. Kura 14 ni watu wa harusi moja ya kwetu, tena wa meza mbili tu.

MASWALI

Mdau, Brooklyn Park: Mwalimu shikamoo. Nina grini kadi miaka sita, nalipa kodi. Naruhusiwa?
*Marahaba. Hapana, mpaka uape uraia. Wala usijaze fomu ya kujiandikisha hata ukibembelezwa na mtu mwenye ubao wa karatasi mlangoni mwa duka. Hilo linaweza kukuharibia uraia wenyewe.*

Mdau, Rochester: Kwenye mchujo naweza kuchagua huyu wa DFL (Democrats wa hapa Minnesota) na yule wa Republican?
*La. Chama kimoja tu, na hakuna atakayekuuliza kipi. Mimi mara ya kwanza nilichanganya: mashine ikalirudisha karatasi langu, nikasimama pale na jasho. Yule mama wa kituo akanipa jingine bila neno, nikaanza upya kujaza viduara.*

Mdau, St. Cloud: Nimehama nyumba mwezi uliopita, leseni ina anwani ya zamani.
*Unajiandikisha palepale kituoni siku ya kura, alimradi umeishi Minnesota siku 20. Nenda na leseni pamoja na bili ya umeme au simu yenye jina lako na anwani mpya. Hata ikiwa kwenye skrini ya simu wanaipokea.*

Mdau, St. Cloud: Bili iko kwa jina la mume wangu.
*Basi mwombe jirani aliyejiandikisha kwenye kituo hichohicho aje akuapie kwamba unaishi hapo. Sheria inamruhusu kuapia hadi watu 8. Mume naye anafaa, kama ameshajiandikisha.*