Macho Yanayokauka kwa Barakoa ya CPAP: Tafuta Kwanza Upepo Unapotokea

Anayelala na mashine ya CPAP kwa sababu ya kukatika pumzi usingizini hutarajia kuamka akiwa mwepesi, lakini wapo wanaoamka na macho mekundu yanayochoma kana kwamba yametiwa mchanga, huku kope zikiwa zimegandamana kwa tongotongo. Wengi wao hukimbilia duka la dawa kununua matone. Matone yana kazi yake na tutayafikia, ila anayeyaanza kabla ya kujua hewa inafikaje machoni ni sawa na mtu anayekinga maji kwa sufuria chumbani na kuliacha bati linaendelea kuvuja.

Mashine hii, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981, husukuma hewa puani au mdomoni ili koo lisijifunge mtu akiwa amelala. Kwa kawaida shinikizo lake huwekwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Jicho lililofumbwa sawasawa linaweza kustahimili hewa kidogo inayopita karibu nalo, lakini utando wa machozi unaolifunika ni mwembamba mno, na upepo mdogo unaovuma sehemu moja kwa saa sita au saba unatosha kuumaliza.

Anza kwa kuchunguza saa ambayo macho yanakusumbua zaidi. Ukavu ulio mkali unapoamka na kupungua kadiri siku inavyosonga una chanzo chake usiku. Ule unaozidi jioni, baada ya kutazama kompyuta au simu kutwa, mara nyingi una sababu nyingine, hata kama na wewe unatumia CPAP. Angalia pia kama ni jicho moja au yote mawili, na kama ni moja, je, ndilo la upande unaoulalia?

Kisha pima uvujaji wa barakoa, na usiupime ukiwa umeketi ukingoni mwa kitanda. Uso hubadilika umbo mtu anapolala, nyama za mashavu huteremkia pembeni, na barakoa iliyokaa vizuri ulipokuwa wima huacha mwanya. Lala kama unavyolala kila siku, washa mashine, lowesha mgongo wa mkono wako kwa maji kidogo, halafu upitishe taratibu kuzunguka barakoa, hasa sehemu ya juu ya pua na pembe za ndani za macho. Hewa ikivuja utahisi ubaridi mahali hapo. Kama mashine yako huanza na shinikizo dogo na kulipandisha polepole, subiri lipande ndipo upime, kwa maana mwanya uliotulia kwenye shinikizo la 5 unaweza kufunguka likifika 12.

Ukiupata mwanya, mkono utakutuma ukaze mikanda. Uzuie. Barakoa nyingi zina ukingo wa silikoni ulio laini, unaopaswa kujaa hewa kidogo na kuulalia uso wenyewe. Ukikandamizwa sana hujikunja, na mikunjo hiyo hugeuka kuwa njia mpya za hewa, mbali na alama na vidonda vinavyoachwa juu ya pua. Legeza mikanda yote mashine ikiwa inafanya kazi, ivute barakoa mbele hadi iachane na uso, irudishe polepole ili silikoni ijae, kisha kaza kidogo kidogo, mkanda wa kulia na wa kushoto kwa kiasi kilekile, ukikomea pale uvujaji unapokoma. Ikiwa barakoa ina kiegemeo cha kipaji cha uso, kirekebishe kabla hujaigusa mikanda ya chini, kwa sababu mara nyingi hicho ndicho kinachoamua kama sehemu ya juu ya pua itaziba au itaachama.

Mafuta ya ngozi ni adui mwingine. Nawa uso kwa sabuni laini kabla ya kulala, uache mafuta ya mgando na losheni nzito kwa mchana, na uoshe ukingo wa silikoni kila siku. Silikoni huchakaa pia: ikishakuwa ngumu, ya manjano au yenye mpasuko, hakuna mkanda utakaoisaidia. Mtu aliyenenepa au kupungua sana, au aliyefuga ndevu tangu barakoa ilipochaguliwa, huenda anahitaji ya kipimo kingine.

Wakati mwingine uvujaji haupo, na bado upepo unafika machoni. Kila barakoa ya CPAP ina vitundu vilivyowekwa kwa makusudi ili kutoa hewa chafu unayoipumua, navyo visizibwe hata siku moja. Hewa yake ikigonga mto au shuka iliyovutwa hadi kidevuni hurudi usoni. Sogeza mto au badili upande, na uupitishe mpira unaoleta hewa kutoka kwenye mashine juu ya kichwa ili usiivute barakoa unapogeuka. Ikiwa haya yote hayakufaa, omba kujaribu barakoa ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua tu, kwa sababu haigusi kabisa sehemu ya juu ya pua, ingawa haimfai anayepumua kwa mdomo. Shinikizo lenyewe usilipunguze kwa uamuzi wako. Hilo ni la daktari aliyekuandikia.

Ipo njia ya pili ya hewa ambayo wengi hawaijui. Machozi huteremka kutoka jichoni hadi puani kupitia mfereji mwembamba, ndiyo maana mtu akilia pua hutiririka. Kwa baadhi ya watu shinikizo la mashine huipandisha hewa katika mfereji huohuo kinyumenyume, nao huhisi viputo au mvumo kwenye pembe ya ndani ya jicho hata barakoa ikiwa imeziba kabisa. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kufungua mfereji wa machozi yuko katika hatari zaidi, na amweleze daktari wa macho na yule aliyemwandikia mashine pia.

Njia ya tatu ni kope zenyewe. Mwombe mwenzako wa kitandani akutazame usiku, bila kukumulika moja kwa moja, aone kama macho yamefumba yote. Wapo wanaolala na ufa mweupe chini ya kope na hawajui. Kuna pia ugonjwa wa kope legevu, ambapo kope ya juu hupinduka kirahisi na kujisugua kwenye mto. Ugonjwa huu huandamana mara nyingi na kukatika pumzi usingizini, na kwa maoni yangu mashine hulaumiwa bure kwa macho yaliyokuwa yameanza kuumwa kabla haijanunuliwa.

Kwa walioko Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, ambako hakulaliki bila pangaboi au kiyoyozi, upepo wa chumba usielekee usoni. Kiongeza unyevu cha mashine husaidia zaidi pua na koo kuliko macho, lakini pua isiyoziba humpunguzia mtu haja ya kupumua kwa mdomo, na mdomo ukifunguka barakoa hulegea. Kitie maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji yasiyo na chumvi wala chokaa. Yakikosekana kwa siku chache, yaliyochemshwa na kupoa yatasaidia, ila chokaa hubaki ndani yake, kwa hiyo chombo kisafishwe kila siku. Maji ya betri yanayouzwa gereji yasitumike, kwa kuwa hayakutengenezwa kwa ajili ya mapafu ya mtu.

Sasa matone. Nunua machozi bandia, na ikiwa utayatumia zaidi ya mara nne kwa siku chagua yasiyo na kihifadhi, yaani dawa inayozuia vijidudu chupani, kwa sababu kihifadhi chenyewe huweza kulikera jicho. Jeli au marhamu ya macho hudumu zaidi usiku, japo huleta ukungu wa kuona, basi itie unapokuwa tayari kulala na ufute inayomwagikia ngozini ili isiifanye barakoa iteleze. Kitambaa safi cha uvuguvugu juu ya kope kwa dakika tano hadi kumi husaidia tezi za mafuta zilizoziba. Wanja uoshwe kabla ya kulala, na lenzi za kuvaa machoni zivuliwe.

Epuka matone ya kuondoa wekundu tu, kwani hubana mishipa bila kuleta unyevu. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, yasinunuliwe bila daktari: hutuliza upesi, lakini yakitumiwa ovyo huweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Asali, maziwa, chai na majani ya kienyeji yasikaribie kabisa jicho ambalo uso wake tayari umechubuka kwa ukavu.

Maumivu makali, uoni unaopungua, kuumizwa na mwanga, usaha, au doa jeupe kwenye kioo cha jicho havisubiri wiki ijayo. Mgonjwa wa glakoma, yaani presha ya macho, naye amjulishe daktari wa macho kwamba anatumia CPAP. Ukienda kliniki, beba barakoa na mikanda yake, uivae mbele ya daktari kama unavyoivaa nyumbani, na umwombe akuangalie ukiwa umelala chali.