Kuunda modeli ya meli ya mbao: usikimbilie kupiga papi

Boksi la modeli huwa na mkuku na mataruma ya plaiwudi yaliyokatwa kwa leza, fungu la papi nyembamba (vipande virefu vya mbao vya kufunikia mataruma; kimoja ni upapi), fito za milingoti, kapi ndogo kama punje za mtama, nyuzi na michoro. Msamiati wa kazi upo tayari kwa mafundi wa majahazi: mkuku ni uti wa chini, mataruma ni mbavu, omo ni mbele, tezi ni nyuma, foromali ni mti unaobeba tanga, jarari ni kamba ya kutwekea.

Kuchagua boksi

Anayeanza hutamani manowari kama HMS Victory yenye mizinga 104. Iache kwanza. Kampuni ya Model Shipways ya Marekani ina mfululizo wa vyombo vitatu uliopangwa kwa ajili ya mwanafunzi: dori (mashua ndogo yenye sakafu bapa) ya wavuvi wa Grand Banks, eneo la bahari karibu na Kanada, kwa kipimo cha 1:24, mashua ndogo ya tanga ya Kinorwe kwa 1:12, na mashua ya kambakochi ya Muscongus Bay, Marekani, kwa 1:24. Ukitaka moja kwa moja meli ya mataruma, tafuta yenye mlingoti mmoja au miwili, omo iliyochongoka na papi za tabaka mbili. Omo butu hulazimisha upapi ujikunje kwa ghafla, na hapo ndipo mwanzo mwingi hukwama. Tabaka mbili zina faida kubwa: makosa ya tabaka la kwanza hufunikwa na la pili.

Angalia kipimo kabla ya kulipa. Kwa 1:64, meli ya mita 20 inakuwa na urefu wa sentimita 31 hivi, bila kuhesabu mlingoti unaotokeza omoni. Boksi la bei ya kutupwa lenye jina la modeli maarufu mara nyingi ni nakala iliyoibwa. Michoro yake hufifia na vipande havikai.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: kisu cha kubadilisha wembe, rula ya chuma, skweya ndogo, kibano, kekee ya mkono yenye biti za mm 0.5 hadi 1, msasa namba 80, 120 na 240, gundi nyeupe ya mbao na barakoa ya vumbi. Vibanio vya nguo vinatosha kushikilia papi. Supagluu iwe ya chuma na nyuzi tu. Juu ya mbao huacha doa ambalo rangi ya mbao haishiki.

Mkuku na mataruma

Hesabu vipande vyote kulingana na orodha, na uandike namba ya kila kipande kwa penseli kabla ya kukikata kwenye plaiwudi. Kwa walio pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, acha papi zikae wiki moja kwenye chumba cha kazi ndipo uanze.

Laza mkuku juu ya kioo. Ukiona umepinda, ulowanishe kidogo, uweke kati ya mbao mbili bapa chini ya uzito, uache siku mbili. Mkuku uliopinda hautanyooka baadaye. Kila tabaka litazidi kuukaza katika upindo wake. Chonga mfuo wa kupokea ncha za papi sasa hivi, kabla ya mataruma kuingia, maana baadaye kisu hakitapata nafasi.

Pachika mataruma bila gundi kwanza. Yaingie kwa nguvu ya kidole. Ukilazimisha, mkuku utajikunja. Hakikisha kila moja limesimama nyuzi 90 na mabega ya pande mbili yako sawa, kisha tia gundi moja baada ya jingine.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua sura ya meli: kuchonga kingo za mataruma kwa mshazari. Ya omoni huchongwa ukingo wa mbele, ya tezini ukingo wa nyuma, ya katikati hayaguswi sana. Masizi meusi ya leza ni msaada wako: masizi yakiisha upande wa kuchongwa na kubaki mstari mwembamba upande wa pili, umefika. Bandika msasa namba 80 kwenye kijiti kinachopinda ili ukwaruze mataruma matatu au manne kwa pamoja. Kisha laza upapi juu yake. Ukigusa taruma la kwanza na la tatu lakini ukaelea juu ya la pili, la pili liko chini na linahitaji kubandikwa kipande chembamba. Ukibinuka, liko juu. Jaribu sehemu zote, pande zote mbili. Kazi hii inaweza kula jioni tatu nzima, na hazijapotea.

Kupiga papi

Chukua papi za mm 5. Tuseme taruma la katikati lina mm 100 kutoka sitaha hadi mkuku: papi 20. Omoni kuna mm 64 tu, na papi 20 zilezile lazima ziingie, hivyo kila moja ipunguzwe hadi mm 3.2. Tezini kuna mm 110. Papi 20 zitaacha pengo la mm 10, ambalo hujazwa kwa vipande viwili vya kabari. Weka alama za vipimo hivyo kwa penseli kwenye kila taruma kabla ya upapi wa kwanza. Usipunguze upapi chini ya nusu ya upana wake. Ikibidi, mbili ziishie njiani na moja iendelee.

Asiyepima hivi hulazimisha papi nzima nzima. Upapi hukubali kupinda kwa bapa lake, si kwa ukingo. Ukiulazimisha, ukingo mmoja huinuka na meli huonekana kama ina magamba. Kosa jingine la kawaida ni upapi wa chini kabisa, ule wa mkukuni, kupandishwa juu sana omoni. Unaziba nafasi, na papi zote za juu yake husongamana. Uishie chini.

Loweka upapi dakika 10 hadi 15, upinde kwa joto la pasi, uache ukauke ukiwa umebanwa mahali pake, ndipo utie gundi. Ukibandikwa mbichi husinyaa na kuacha nyufa. Piga mmoja kulia, mmoja kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza, meli nzima itajikunja kuelekea huko. Nyufa ndogo za tabaka la kwanza zibwe kwa vumbi la msasa lililochanganywa na gundi nyeupe.

Sitaha na kamba

Sitaha ni rahisi. Ubao wa mita 6.4 kwa 1:64 ni mm 100, basi kata papi kwa urefu huo, upake penseli ukingo mmoja tu wa kila moja, na mstari mweusi utafanana na kalafati, yaani kizibo cha nafasi kati ya mbao.

Milingoti huchongwa kutoka mraba hadi pande nane, kisha kwa msasa. Kamba zinazoshikilia milingoti ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea, zinazokimbia kwenye kapi ziwe za rangi ya katani. Ngazi za kamba zenye nafasi ya sentimita 38 kwenye meli halisi huwa mm 6 kwa 1:64. Weka karatasi yenye mistari ya mm 6 nyuma yake unapofunga, na usikaze kila fundo, la sivyo kamba za wima huvutwa ndani na kufanya kiuno.